Kamera Ilisimama Mlangoni

Siku dada yangu aliposema mbele ya watu wote, "Basi, mdogo wangu ndiye atakayenirekodi," ilinipasa kufungua kinywa na kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na kulitumia nilikuwa najua. Nimewaambia hapana majirani waliotaka kuazima ngazi yangu, na watu wa kanisa walionitaka niwe mweka hazina. Lakini siku hiyo nilikaa kwenye kochi lake pale mtaani Mbotela, sahani ya ugali na kuku magotini, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu ambaye amekuwa akingoja aombwe.

Dada yangu ni kifungua mimba wa mama yetu, na mimi ndiye kitinda mimba. Mama alifariki kabla sijaanza shule. Dada alikuwa tayari ameolewa na mfanyakazi wa reli, wakiishi hapo Mbotela kwenye nyumba za kaunsili, yaani za baraza la jiji. Alisafiri hadi nyumbani magharibi, akanichukua, akanilea kati ya wanawe. Alinilea kwa sauti zaidi ya mkono. Alikuwa akiniita kutoka mlangoni na mimi niko ng'ambo ya uwanja wa mpira, na wavulana wote walisimamisha mchezo hadi niende. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Umeme ulipopotea na spika zikanyamaza, watu wa nyuma hawakujua kama kuna kilichotokea.

Sasa madaktari walikuwa wamepata uvimbe kooni mwake. Walimwambia wataondoa pale sauti inapotengenezwa. Ataishi, ila hatasema tena. Aliipokea habari hiyo kwa utulivu uliotutisha sote, kisha akaomba jambo moja: sauti yake irekodiwe kabla hajaenda kulazwa. Alitaka yabaki mambo mawili. La kwanza, wimbo ambao mama alitubembelezea, katika lugha yetu, ambao yeye peke yake ndiye aliyeujua wote. Mimi niliukumbuka mwanzo tu, kama mtu anayekumbuka geti la nyumba na si vyumba vyake. La pili, baraka kwa wajukuu wake. Kwetu baraka za bibi haziandikwi. Hutamkwa, kwa kinywa chake, na mjukuu akizisikia.

Tulikuwa tumekutana Jumapili hiyo kwa sababu ya ombi hilo. Mpwa wangu, binti pekee wa dada, alikuwa amekwisha kutafuta suluhisho. Alisema kuna mama mmoja kule Njiru anayerekodi kwaya. Ana chumba alichokipangia magodoro ukutani ili kelele zisiingie, na ana maikrofoni za kazi hiyo. Halafu, kwa heshima, akanigeukia.

"Mjomba, wewe unaonaje?"

Ni lazima nieleze. Kwetu mjomba huulizwa. Mjomba asipoulizwa, hata harusi inaweza kusimama. Na akishajibu, wapwa hawaongezi neno. Ni desturi nzuri, ila haijajiandaa kwa wajomba wa aina yangu.

"Magodoro?" nikasema. "Tunaenda kurekodi ama kulala?"

Watu wakacheka. Kicheko kimeniponza maisha yangu yote. Nikichekewa kidogo tu, huwa naendelea hadi niharibu.

"Kamera yangu inapiga video," nikaendelea. "Tena si video ya simu. Utaona mpaka kope za mama yako."

"Kope nitaziona, Mjomba. Mimi nauliza sauti."

"Sauti inakuja na picha. Ni kitu kimoja, kama maziwa na chai. Nani huchemsha kando?"

Wakacheka tena. Mpwa wangu hakucheka. Dada yangu, ambaye tangu utotoni hakupenda kuniona nimeguswa hata kidogo, akaona kidevu changu kimeinuka, akamaliza maneno kwa kusema ni mimi nitakayemrekodi. Alinihurumia. Alikuwa na uvimbe kooni, na aliyehurumiwa ni mimi.

Sasa niseme nilikuwa mpiga picha wa namna gani. Nilifanya kazi ya ukarani hadi nilipostaafu, na wikendi nilizunguka mitaani na kamera shingoni: ubatizo, kipaimara, binti aliyevaa viatu vipya. Nyakati zile ni filamu, picha thelathini na sita, zikiisha zimeisha. Ukizipoteza hovyo umejikata mguu. Kwa hiyo nilijifunza kumweka mtu sawa kwanza, ajaribu kutabasamu, ajaribu mkono huku, mkono kule, na mimi nikijifanya nabonyeza. Akishazoea ndipo napiga ya kweli. Nilijulikana kwa hilo. Watu walisema picha zangu hazina macho yaliyofumba.

Nilipostaafu nikajinunulia kamera ya kisasa dukani mjini, na lenzi ndefu ya kupigia nyuso, ile inayoufanya uso utokeze na vitu vya nyuma viyeyuke kama ukungu. Kamera ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kutulia, lakini ilikuwa na kitufe cha video. Nilikuwa sijawahi kukibonyeza. Nilijua kipo, na kwa mtu kama mimi kujua kitu kipo ni sawa na kukiweza.

Nilifanya jaribio nyumbani kwangu, mtaa wa Tena. Mke wangu alikuwa anachagua maharagwe kwenye roshani na kunieleza habari za chama chao. Nikasimama mwisho wa sebule, nikampiga video kupitia mlangoni. Tulipoitazama, niliona fahari. Maharagwe yalionekana moja moja.

"Lakini mbona sijisikii nikiongea?" akauliza. "Nasikia tu mtu anapumua kama anapanda ngazi na gunia."

"Hiyo ni spika ya kamera. Ni ndogo."

"Spika ndogo ndiyo imechagua kukusikia wewe, mimi ikaniacha?"

Nilikuwa na shughuli. Nilikuwa napiga pasi kizibao changu chenye mifuko mingi, ambacho nilikinunua kwa ajili ya siku hiyo na ambacho katika mifuko yake yote kilibeba kitambaa kimoja cha kufutia lenzi na peremende.

Jumamosi iliyofuata nikafika Mbotela mchana. Dada alikuwa amevaa gauni la kanisani na kilemba cheupe. Nilimketisha kwenye kiti karibu na dirisha, nikaondoa kalenda ukutani, nikaondoa redio, nikaondoa hata picha ya shemeji marehemu, nikisema inaleta mng'aro. Dada alinitazama nikimwondoa mumewe ukutani.

Kisha nikasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikachungulia. Nikaona pua na jicho moja. Lenzi ile ndefu inataka nafasi. Nikarudi nyuma. Nikaona uso, bila kilemba. Nikarudi tena, mgongo ukagonga kabati la vyombo. Nyumba zile zilijengwa kwa watu waliokuja mjini kufanya kazi na kulala, si kupigwa picha kwa lenzi ndefu. Mtu mwenye akili angebadilisha lenzi. Mimi nikafungua mlango. Nikaendelea kurudi kinyumenyume hadi nikawa uani, karibu na bomba la maji, kamera ikichungulia ndani kupitia mlangoni. Hapo sasa dada alikaa vizuri ndani ya fremu, kilemba, mabega, mikono, na ukuta nyuma yake ukayeyuka kama nilivyotaka. Karibu nilie kwa uzuri wake.

Uani kulikuwa na wanawake wanaofua, kuku, na kijana wa jirani aliyekuwa akirekebisha baiskeli.

"Niaje mzee!" akaniita. "Unashuti muvi?"

"Ni kazi ya familia."

"Sasa mbona familia iko ndani na wewe uko nje?"

"Hiyo ndiyo sanaa," nikamwambia.

"Sawa buda. Ukihitaji wa kuigiza mwizi niko hapa."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikawatazama kama fundi anavyowatazama watu wasiojua kazi.

Nikachungulia tena. Kwenye mkono wa kochi, karibu kabisa na dada, nikaona kitu cheusi. Ilikuwa simu ya mpwa wangu.

"Hiyo simu inafanya nini hapo?"

"Nimeiweka tu, Mjomba. Irekodi sauti, iwe kama akiba."

"Ondoa. Simu zote zizimwe. Zinaingilia mitambo."

Nilisema mitambo. Nilikuwa na kamera moja na peremende. Mpwa wangu alimtazama mama yake. Dada akamwashiria kwa macho, mtii mjomba wako. Akaizima simu, akaitia mkobani, akafunga zipu polepole ili nisikie.

"Sasa Dada," nikaita kutoka nje, "tutafanya mazoezi kwanza. Fanya yote, tangu mwanzo hadi mwisho, ili nione mwanga unavyokaa. Ukishazoea ndipo nitarekodi."

Hiyo ndiyo tabia ya filamu. Kamera ile ilikuwa na kadi ambayo ingemeza ibada nzima na mahubiri na matangazo, lakini mkono wangu bado uliogopa kupoteza picha thelathini na sita. Sikubonyeza kitu.

Dada akafumba macho, akaimba.

Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza kwa ule ugonjwa, lakini mwanzoni mwa wimbo ilijikusanya, ikatoka nzima. Mwanamke mmoja aliyekuwa bombani akafunga maji. Yule kijana akaacha baiskeli. Hakuna aliyewaambia. Aliimba ubeti ambao nilikuwa nimeusahau, unaomtaja mtoto anayelia wakati mvua inaanguka juu ya migomba, halafu mwingine, na mwingine ambao sidhani niliwahi kuusikia nikiwa macho. Kisha, bila kupumzika, akawaita wajukuu wake, kila mmoja kwa jina la nyumbani, jina alilorithi kwa marehemu, akambariki kila mmoja kwa maneno yake. Mpwa wangu alikuwa amesimama jikoni, aproni usoni.

Nami nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natazama kola ya gauni. Upande mmoja ulikuwa umekunjika.

"Vizuri sana, Dada!" nikaita alipomaliza. "Rekebisha kola upande wa kushoto. Sasa tufanye ya kweli."

"Kwani hiyo ilikuwa ya uongo?"

"Ilikuwa ya mazoezi."

"Mwana wa mama," akasema, "mtu habariki kwa mazoezi."

Lakini akacheka, akakohoa, akanywa maji ya vuguvugu, akarekebisha kola. Nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Nikajisikia mkubwa.

Watu wa uani walidhani shughuli imekwisha. Bomba likafunguliwa. Kijana akageuza baiskeli yake na kuanza kugonga chuma. Muuza mboga akapita akitangaza sukuma. Dada akaanza wimbo, sauti ikakatika kwenye ubeti wa pili, akarudia. Mimi nikamsimamisha kwa sababu kidevu kilikuwa kimeshuka. Akaanza tena. Nikamsimamisha kwa sababu mwanga umehama. Alipofika kwenye baraka alikuwa akisema kwa kunong'ona, na majina mengine aliyameza. Nilidhani ni hisia. Nilifurahi hata, nikaona itapendeza kwenye video.

Tulipomaliza nikaitazama kazi yangu palepale bombani, kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Kope zilionekana. Sauti sikuisikia kwa ajili ya kelele, nikaweka sikio juu ya kamera, nikasikia kitu kinavuma. Nikainua kidole gumba. "Safi," nikasema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hilo nalishukuru kila siku. Dada alirudi nyumbani amekonda, kitambaa shingoni, akitaka kitu anagonga meza kwa pete yake ya ndoa. Alipopata nguvu ya kukaa na wageni, familia ikakusanyika tena sebuleni kwake kuitazama video kwenye televisheni. Nilikuwa nimevaa kile kizibao. Nilisimama kando ya televisheni, nikatoa hotuba fupi.

Picha ikatokea, watu wakashangaa. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Kilemba kiling'aa kama wingu. Midomo ya dada ikafunguka.

Tukasikia maji. Maji mengi yakiingia kwenye ndoo ya plastiki. Tukasikia nyundo kwenye chuma. Tukasikia kuku, kwa uwazi wa ajabu, kana kwamba ndiye aliyealikwa. Tukasikia sukuma ikitangazwa. Tukasikia mtu anapumua kwa pua, karibu, mzito, na kisha sauti yangu ikajaza chumba chote: "Inua kidevu, Dada! Hapo hapo! Usitingishike!" Mbali kabisa, kama mtu anayeongea nyumba ya tatu, kulikuwa na mnong'ono.

Kamera husikia pale iliposimama, si pale inapotazama. Kisikio chake kilikuwa kitundu kidogo juu yake, nacho kilikuwa pamoja nami bombani. Tena chenyewe kilikuwa kikijipandishia na kujishushia nguvu ya kusikia, kikipata kelele kubwa kinaikumbatia. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilidhani televisheni imeharibika, nikaipiga kofi.

"Babu," akasema mmoja wa wajukuu wa dada, mtu mzima mwenye watoto wake, "kwenye hii video wewe ndiye nyota, na huonekani hata kidogo."

Kicheko kikazuka, na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote, nikitumaini kitaendelea. Hakikuendelea. Dada alikuwa ameinuka. Alikwenda akakaa kwenye stuli mbele ya televisheni, akaashiria irudishwe mwanzo. Tukairudisha. Akaashiria tena. Aliinamisha kichwa, sikio karibu na spika, akiitafuta sauti yake. Midomo yake kwenye kioo ilikuwa inaimba, na midomo yake ya stulini ikaanza kuifuata, bila sauti.

Mpwa wangu akauliza taratibu, "Mjomba, na ile ya kwanza? Ile tuliyosikia sote?"

"Ile sikuirekodi."

"Hukurekodi."

"Yalikuwa mazoezi."

Heri angenitukana. Alitoa kadi kwenye kamera, akaipeleka Njiru kwa yule mama wa magodoro. Alirudi na jibu moja: kelele zinaweza kupunguzwa, lakini chini yake hakuna cha kutosha kuinua. Yaliyobaki ni mavumbi ya maneno.

Dada mwenyewe, siku ile ya televisheni, aliponiona nimeshika ukuta, alikuja akanipiga piga begani, kisha akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alininyoshea kidole, akainua kidevu chake juu sana, kama nilivyokuwa nikimwagiza, akatikisika tena. Kicheko chake kizima kilitoka bila sauti hata kidogo. Nilijua kilivyopaswa kusikika. Alikuwa na kicheko cha kufungua madirisha.

Nimejaribu kurekebisha. Nilisafiri nyumbani magharibi, nikauliza wazee kuhusu wimbo ule. Walinipa nyimbo nyingine nyingi, kila mmoja akiapa ndio wenyewe. Nilirudi Mbotela, nikaketi mbele ya dada, naye akatamka maneno kwa midomo huku akigonga mdundo mezani kwa pete. Maneno ya ubeti wa kwanza tuliyapata, na nusu ya wa pili. Lakini midomo haina tuni. Nilijaribu kuiimba, akatikisa kichwa. Nikaipandisha, akatikisa. Nikaishusha, akaziba masikio na kunifukuza kwa mkono kama kuku, na wote wawili tukacheka, mimi kwa sauti. Tulifanya hivyo alasiri nyingi. Siku moja hakugonga tena meza. Alinimiminia chai tu.

Binti wa mpwa wangu amejifungua hivi karibuni. Dada alimpakata mtoto, akampulizia kifuani kama desturi, akafungua midomo kumtamkia baraka. Chumba kikangoja kwa heshima. Mtoto alimtazama midomo, kisha akalala. Baadaye mama yake alimbembeleza kwa wimbo wa kwenye simu, wa lugha nisiyoijua.

Mpwa wangu bado ananiita Mjomba, bado ananipa kiti kizuri. Ila haniulizi tena. Mambo ya familia nayasikia yakiwa yameshaamuliwa, na sina la kulalamika.

Kukubali kwangu siku ile kulinigharimu sauti ya dada yangu. Haimo kwenye kadi, haimo kwenye simu ya mtu yeyote, na mimi niliyelelewa kwa sauti hiyo nimeanza kuisahau.